Baba Mwenye Masharubu

Nyamache, Kisii
Jumapili, baada ya mvua

Kwa dada yangu mkubwa Mghoi,

Nakusalimu wewe kabla ya mtu yeyote mwingine hapo Wundanyi, maana nakujua: usiposalimiwa wa kwanza, barua utawashia jiko. Goti lako la kushoto linasemaje? Na lile la kulia limeacha kuliiga? Sisi huku tuko wima. Mke wangu Kemunto anabanwa kifua kidogo kwa sababu ya baridi, lakini sauti ya kunikemea haijapungua. Mimi meno ndiyo yanayoniaga, mojamoja, kwa adabu. Ulimi umebaki wote, na ndio unaokuandikia.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Dada, simu tumeijaribu. Wewe husikii vizuri, mimi nikipaza sauti Kemunto anadhani tunagombana, na nikifika mahali patamu unasema, "Haya, nisalimie watu," unakata. Karatasi huwezi kuikata. Vaa miwani, tafuta pa kuegemea.

Mara ya mwisho tulipoongea ulisema jambo ambalo halijanitoka kichwani. Ulisema mjukuu wako Wakesho amalize huo utafiti wake kabla ya Krismasi, la sivyo arudi nyumbani ashike duka, kwa sababu wewe huwezi tena kusimama kutwa nzima nyuma ya kaunta, na tena hujaelewa hata leo ni masomo gani haya ya kuzunguka ukiuliza watu wanakunywa chai gani. Nimekusikia. Barua hii ni jibu. Litakuudhi kwanza, halafu litakupendeza, kwa hiyo usirukie mwisho kama unavyofanya na mahubiri.

Kwanza nikueleze hayo masomo, maana mimi sasa ni mtaalamu. Nimekaa na msichana huyu nyumba moja tangu mavuno ya mahindi. Chuo chake kinataka kujua kwa nini mtu akiingia dukani anashika paketi hii na kuiacha ile. Si bei tu. Ni kitu kilicho ndani ya kichwa chake, ambacho hata yeye mwenyewe hakijui. Wakesho akachagua majani ya chai, na akachagua huku Kisii na Nyamira, kwa sababu huku watu wanachuma chai kwa mikono yao, wanaipeleka kituoni mbichi, halafu wanakwenda dukani kununua chai ndani ya paketi. Anataka kujua wanaichaguaje.

Nilimcheka. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hayo mbona ningekujibu nikiwa nimelala."

Akaniita mezani. Akaweka vikombe viwili, kimoja mbele ya paketi inayong'aa, kimoja mbele ya karatasi ya kaki iliyokunjwa. "Babu, onja, uniambie ipi bora." Nikaonja kama mwenye kiwanda. Nikasema cha paketi ni chai ya mfalme, na cha kaki ni maji yaliyooshewa sufuria. Nikatoa na sababu: hiki kina harufu ya mlimani, hiki kimechacha. Dada, vyote viwili vilitoka kwenye birika moja! Kemunto alicheka mpaka akashika ukuta. Naye alipoulizwa alikunywa vyote viwili, akasema, "Nileteeni mkate kwanza ndiyo nijue," na mpaka leo hajajibu. Kwa hiyo usiseme ni masomo ya mchezo. Yamenishika mimi, na mimi si mtu wa kushikwa.

Jambo lenyewe alilokuwa akilitafuta ni hili. Walimu wake wanaamini kwamba mtu mzima hununua kile alichoona kikinunuliwa alipokuwa mtoto. Basi swali lake kubwa lilikuwa moja: "Ulipokuwa mdogo, nani aliyechagua majani ya chai nyumbani kwenu?" Alilipeleka kila mahali. Alipanda boda boda hadi Nyamira, akashuka mji wa Kisii, akazunguka kilima cha Nyanchwa kwa miguu akiwauliza walimu na wenye maduka. Hapa Nyamache alikwenda nyumba hadi nyumba, isipokuwa Jumamosi, maana Kemunto alimwambia wazi kwamba hakuna mjukuu wake atakayewasumbua watu siku ya Sabato kwa habari za paketi.

Mwanzoni watu walimwogopa. Jirani yetu Nyaboke, mama mmoja mwenye ndizi nyingi na maneno mengi zaidi, alinivuta kando. "Mzee, hii msichana yako inauliza maswali mingi. Ni ya kura?"

"Ni wa chuo," nikamwambia.

"Chuo ya kura?"

Lakini alikuja, akaketi barazani kwangu, na mimi nilikuwa pale pale nikimenya viazi. Wakesho akamuuliza lile swali.

"Baba," akasema Nyaboke.

"Alikuwa anachagua vipi?"

"Alikuwa ananusa. Anashika paketi hivi, ananusa kwa karatasi. Akikataa, anarudishia mwenye duka hapo hapo. Wacha! Alikuwa mkali, hata mwenye duka alikuwa anamuogopa."

Wakesho akaandika, akashukuru, Nyaboke akaondoka na kikombe changu. Mimi nikaendelea na viazi. Ikumbuke baraza hiyo, tutairudia.

Majibu yakaja namna hiyo hiyo. Huku vijijini, "Baba," "Baba," "Baba." Kule Nyanchwa, kwa watu wa ofisi, "Mama." Wakesho akaanza kutembea kwa kurukaruka. Hakunionyesha aliyoyaandika, akidai ni siri ya utafiti, lakini furaha haina siri katika nyumba ndogo. Akampigia profesa wake, mama mmoja mwenye sauti ya kusimamisha treni, akamweleza: kijijini baba ndiye mwenye neno hata juu ya majani ya chai, ukifika mjini neno limehamia kwa mama. Profesa akapiga kelele za furaha hata mimi nikazisikia nikiwa nje. Akamwambia huo ndio ugunduzi, aandike sura nzima, na Krismasi ataila akiwa amemaliza. Nikajisemea, dada yangu atapata mtu wake wa duka na shahada juu yake.

Kisha wakapanga jaribio la mwisho. Kama watu wa kijijini wanafuata chaguo la baba, basi picha ya baba itawavuta. Siku ya soko waweke mafungu mawili ya chai ileile, moja chini ya bango lenye picha, jingine bila kitu, waone mikono itakwenda wapi. Fundi wa mabango wa hapa Nyamache akachora mwanamume wa kupendeza: koti, tai, kikombe mkononi, na masharubu mazito kama brashi ya viatu. Chini yake akaandika kwa herufi nyekundu: CHAGUO LA BABA.

Mimi ndiye niliyelibeba hadi sokoni, nikatafuta kivuli, nikalisimamisha. Wanawake wakakusanyika, Nyaboke mbele kama kawaida. Akasoma kwa sauti, polepole, kidole hewani. "Cha-guo la ba-ba." Akaitazama ile picha. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Sasa huyu baba amemea masharubu lini?"

Dada, soko likavunjika mbavu! Mwanamke wa mtama akaweka kopo lake chini. "Labda ni baba ya watu wa mji!" Mwingine akasema, "Mwambieni anyoe, atatisha watoto!" Na Nyaboke, machozi yakimtoka, "Mimi baba yangu alikuwa anafunga kitambaa kwa kichwa, hakuwa na tai!"

Wakesho alisimama kama mti. "Mama Nyaboke, baba yako alikuwa anafunga kitambaa kichwani?"

"Sasa afunge nini? Alikuwa mwanamke."

Hapo ndipo nilipopigwa na umeme. Dada, wewe hujui, na nilipaswa kukueleza siku nyingi. Kwa Wakisii mzazi wa kiume ni tata. Na mama mzazi, yule aliyekubeba tumboni, wanamwita baba. Ndiyo, baba! Wanapoongea Kiswahili wengi wanakumbuka kugeuza, hasa wale wa mjini waliozoea wageni. Lakini mtu akiulizwa habari za utotoni mwake, za jikoni kwao, ulimi unarudi nyumbani wenyewe. Anasema baba, na anamwona mama yake.

Na Kiswahili chetu hakina suruali wala gauni. Alinusa, alikataa, alikuwa mkali: nani atajua ni mwanamume au mwanamke? Wakesho alipofika kuandika kwa Kiingereza, Kiingereza kikamlazimisha kuchagua, akamvisha mama yake Nyaboke suruali.

Utaniuliza, na wewe uliyekaa huko mpaka umezeeka, ulikuwa wapi? Nilikuwa barazani namenya viazi! Nyaboke alisema baba, nami kwa kuwa ni Nyaboke, nikasikia mama, sawasawa kabisa, nikaendelea na kiazi changu. Wakesho amelelewa na wewe, akasikia baba. Tulikuwa tumeketi mkeka mmoja, tumesikia neno moja, na kila mtu akaenda na mzazi wake. Hata lile bango nilipolisoma nililisoma kwa masikio ya kwetu, kwa sababu lilitoka kwa msichana wa kwetu. Na ndani ya nyumba yangu asingeweza kujifunza, maana watoto wangu, kwa ajili yangu mimi mgeni, walizoeshwa kuniita baba na mama yao mama. Nimewajengea kisiwa cha Kiswahili katikati ya migomba, msichana akalala ndani ya kisiwa.

Alikunja bango pale pale. Nyaboke alipoona uso wake akaacha kucheka, akamshika mkono, "Pole, mtoto. Tumekosa nini?" Wakesho akamjibu, "Hamjakosa chochote, mama. Mmenifundisha." Lakini tulipofika nyumbani alianza kukunja nguo zake.

"Naenda wapi tena, Babu?" akasema. "Sura nzima ni uongo. Profesa ameshaisoma. Bibi alisema Krismasi. Nirudi tu nikashike duka."

Nami, unavyonijua, nikamshauri kwa busara zangu zote. "Kaa kimya. Profesa hajui Kikisii. Waliosema baba walisema baba, hujaongeza hata herufi. Maliza, chukua shahada, ukiwa mkubwa utawacheka."

Akaacha kukunja. Akanitazama kwa yale macho yako, dada, yale ya kumtafuta aliyelamba sukari. "Babu, wewe ulikuwa dereva. Ungejua breki za lori zimekufa, ungempa mwenzako funguo umwambie lori ni zima, kwa vile hakuuliza?"

"Hii ni chai, mjukuu wangu, si lori."

"Kuna mtu atakayesoma kitabu changu aamini kwamba wanawake wa huku hawana neno nyumbani kwao. Atachora mabango mengine. Atawapita akina Nyaboke atafute waume zao. Mimi nitakuwa ndiye niliyempa funguo."

Kemunto alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, akacheka kidogo tu puani. "Leo umepata wa kukunyamazisha. Mtoto, weka nguo kabatini, uje ule."

Kesho yake asubuhi alipanda hadi kwenye kituo cha kupimia majani, ambako simu inashika vizuri zaidi, nami nikamfuata nikijifanya natafuta ndama. Sikusikia upande wa profesa, kwa mara ya kwanza yule mama hakupaza sauti. Nilimsikia Wakesho akieleza yote tangu mwanzo, bila kujitetea, na bila kumtaja Nyaboke kwa ubaya. Wachumaji wakapita na vikapu. Kisha akasema, "Ndiyo, Profesa. Ndiyo. Najua. Nitaanza upya."

Profesa alimwambia ile sura imekufa, aizike. Ugunduzi wake mkubwa haupo. Lakini akamwambia pia kwamba wengine wangenyamaza, na kwamba atamwombea muda chuoni mpaka mvua ndefu ziishe, arudi kwa kila mtu aliyemuuliza, aulize vizuri. Na muda umekubaliwa. Mvua ndefu, dada. Sasa umeelewa kwa nini nilisema utaudhika kwanza.

Ungemwona anavyorudi! Anafika mlangoni, hata kabla hajaketi wanamtania, "Karibu, mwenye masharubu!" Naye anacheka nao, anauliza, "Tata au baba?" na sasa milango imefunguka. Mwanzo walimpa neno moja, sasa wanampa mama zao wazima. Nyaboke alimweleza kwamba mama yake hakutupa paketi tupu hata moja. Alizikunjua, akazibandika ukuta wa jikoni kuzuia upepo, zote nyekundu, na watoto walijifunza kusoma kwenye ukuta ule huku chai ikichemka. Mpaka leo Nyaboke hawezi kununua paketi ya rangi nyingine. Alidhani ni utamu. Alipomaliza kumweleza akasema, "Kumbe ni ule ukuta." Wakesho aliliandika neno hilo akatumia muda mrefu kulitazama. Mjini na kijijini ni akina mama tu, hakuna kilichohama. Habari si kubwa kama ile ya uongo, lakini nimemwona akiiandika, na anaiandika kama mtu anayejua anakokwenda. Sina wasiwasi naye hata kidogo. Atamaliza, na atamaliza vizuri.

Sasa nakuja kwenye duka lako. Usimwite. Usimtumie mtu wa kumchukua, wala usimpigie simu ukamlilia goti. Krismasi nitakuja mimi. Umesoma sawa. Nitakuja na Kemunto, tutashika hilo duka mpaka mvua ndefu ziishe, wewe ukae kwenye kiti uelekeze. Kemunto ameshakubali, ameuliza tu kama huko kuna kanisa la Kisabato na kama baridi yenu ina adabu. Ng'ombe wetu atabaki na Nyaboke. Mimi kwa miaka yote hii nimekuwa nikisema nakuja, barabara iliyonileta huku iliisha kujengwa zamani nami nikabaki kwa sababu ya msichana aliyeniuzia ndizi mbivu, huyu huyu Kemunto, na kila mwaka kuna sababu. Sasa sababu imegeuka upande wa kwenda. Mizani bado naiweza. Ya sukari mwachie Kemunto, usiniamini.

Nisalimie mwanao Wakio, mama yake Wakesho, umwambie binti yake anakula, anaringa, na ana heshima kuliko sisi tuliomtangulia. Nisalimie shemeji mwenye nyuki, umwambie nakuja kuonja. Nisalimie mchungaji mzee aliyeniombea niache ubishi, umwambie maombi mengine huchelewa. Kemunto anakusalimu sana, anasema umwandalie kiti karibu na jiko. Nyaboke pia anakusalimu, anasema yeye hakujua kama kucheka kunaweza kuleta kazi yote hii.

Limebaki moja. Juzi jioni Wakesho alinifuata jikoni, nikiwa namwaga majani yangu kwenye sufuria, yale ya paketi ya njano ambayo Kemunto anayaita vumbi. Ananicheka daima, kwamba naishi katikati ya chai na bado nakwenda mbali kutafuta vumbi la njano. Wakesho akachukua kalamu. "Babu, sijakuuliza wewe. Ulipokuwa mdogo, nani aliyechagua majani ya chai nyumbani kwenu?"

Nilitaka kumtania, sikuweza. Nilimwona mama yetu amelala ndani hawezi kuinuka, na baba hajarudi kutoka kwenye mkonge, na wewe, mtoto bado, umesimama dukani kwenye ncha za vidole ili kaunta isikufiche, unanyoosha mkono na kusema, "Ile ya njano," kwa sauti ya mtu mzima. Kisha unarudi mbio ili mimi ninywe kabla ya shule.

Nikasema, "Dada."

Hakuandika. Siku hizi ana uangalifu, huyu mtoto. Akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Dada kwa lugha gani, Babu?"

Nikamwambia: zote.

Ni mimi mdogo wako,
Mwadime, anayekuja